Jiwe Si Shamba: Marumaru, Maji ya Moto na Bati la Maniema

Po pote watu wanapochimba madini, swali moja huwagawa: Je, jiwe hukua? Mwaka huu mmechota mchanga wote wa kijito mkauosha, mkatoa kasiterite yote, ile chembe nyeusi nzito ambayo ndani yake mna bati. Mvua kubwa zikinyesha na kupita, mwarudi kijitoni, na tazama, chembe nyeusi zimo tena. Mmoja asema: "Mnaona? Madini yameota." Mwingine acheka. Lakini anayecheka, akiulizwa zimetoka wapi, mara nyingi hana jibu.

Swali hili si la kijinga. Wataalamu wa Ulaya walibishana juu yake kwa miaka mingi, na katika Maniema ni swali la chakula cha watoto. Maana kama madini huota kama muhogo, hakuna haja ya kuweka akiba. Leo twachimba, kesho yatakuwepo. Na kama hayaoti, basi kila gunia linaloondoka Kindu limeondoka kwa mara moja na kwa siku zote. Basi yafaa tujue ukweli wake. Nasi tutaanza na marumaru, kwa sababu katika marumaru kazi ya moto na maji huonekana wazi kuliko katika mawe mengine. Kisha tutarudi Maniema na bati lake.

Fuwele ni nini?

Chukua maji, yatie chumvi mpaka yasiweze kuyeyusha nyingine, uyaache katika sahani kivulini. Siku zikipita utaona vijiwe vya chumvi vyenye pande zilizonyooka na pembe za mraba, kama vimekatwa na fundi. Hizo ni fuwele. Ukiyachemsha maji yale upesi jikoni, utapata unga tu, chembe ndogo ndogo. Watu wa Uvinza, katika magharibi ya Tanzania, wamechemsha maji ya chemchemi zao za chumvi tangu zamani sana, na chumvi yao ilifanyiwa biashara kandokando ya Ziwa Tanganyika. Nao wajua kwa mikono yao jambo ambalo vitabu vyasema kwa maneno: fuwele kubwa yataka utulivu na muda.

Mtu wa kwanza aliyeeleza vizuri jinsi fuwele ikuavyo alikuwa mganga kutoka Denmark, jina lake Niels Stensen, ambaye wengi humwita Steno. Mwaka 1669, alipokuwa Florence katika Italia, alitoa kitabu kidogo juu ya mawe. Alisema kwamba fuwele haikui kama mti, ambao hula chakula kwa mizizi na kukipandisha ndani ya mwili wake. Fuwele huongezwa kwa nje, tabaka juu ya tabaka, na kitu kinacholetwa na maji yanayoizunguka. Maji yakikauka au yakikatika, fuwele hukoma kukua. Tulishike neno hilo, maana ndilo ufunguo wa habari yetu yote. Steno aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, akawa askofu mwaka 1677, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri.

Wa pili alikuwa padre Mfaransa, René Just Haüy, mwalimu wa Paris. Yasimuliwa kwamba alikuwa akitazama mawe mazuri nyumbani kwa rafiki yake, na moja likamponyoka mkononi likavunjika sakafuni. Lilikuwa kalsiti, jiwe lile lile ambalo fuwele zake hufanya marumaru. Padre Haüy aliinama kuokota vipande, akaona kwamba vyote, vikubwa kwa vidogo, vina umbo moja na pembe zile zile. Akarudi kwake akazivunja fuwele nyingine za kalsiti alizokuwa nazo, akaona mambo yale yale. Mwaka 1784 alitoa kitabu akieleza kwamba fuwele yajengwa kwa vipande vidogo mno vinavyofanana, vilivyopangwa kama matofali ya ukuta. Wataalamu waliomfuata walisahihisha mengi katika maneno yake, lakini msingi wake umebaki hata leo.

Chokaa ndani ya mtutu wa bunduki

Marumaru hutoka wapi? Zamani hizo wataalamu walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilimfuata Abraham Gottlob Werner, mwalimu wa shule ya madini ya Freiberg katika nchi ya Saksonia. Yeye alifundisha kwamba karibu mawe yote yalitokea katika maji ya bahari ya kale. Kundi la pili lilimfuata Mskoti James Hutton, aliyesema kwamba mawe mengi yalipikwa na moto ulio ndani ya nchi. Mwaka 1785 Hutton alikwenda katika bonde la Glen Tilt huko Uskoti, akaona mishipa ya graniti nyekundu imepenya ndani ya mawe mengine, kama uji wa moto uliomiminwa katika nyufa. Alifurahi sana, kwa sababu jiwe lililopenya ufa lazima lilikuwa limeyeyuka.

Lakini wapinzani wake walikuwa na hoja nzuri. Walisema: "Jiwe la chokaa likitiwa motoni haligeuki kuwa marumaru. Hugeuka kuwa chokaa ya unga." Nao walisema kweli, maana kila mtu aliyejenga tanuri ya chokaa ajua hivyo. Jiwe likichomwa, hewa iliyomo hutoka, na kinachobaki ni chokaa ya kupaka nyumba.

Sir James Hall, rafiki wa Hutton, alidhani kwamba chini sana ya ardhi hewa ile haina pa kutokea, kwa sababu uzito wa milima waifunga. Hutton hakupenda majaribio ya namna hiyo, na Hall kwa heshima alingoja mpaka mzee alipofariki, mwaka 1797. Kisha akachukua mitutu ya bunduki, akatia ndani yake unga wa jiwe la chokaa, akaiziba kwa nguvu, akaitia katika moto mkali. Mitutu mingi ilipasuka. Hakuchoka, alirudia mara mamia. Mwaka 1805 alitangaza mambo aliyoyaona: katika mitutu iliyoshika vizuri, unga ulikuwa umegandamana na kuwa jiwe gumu lenye fuwele zing'aazo, mfano wa marumaru.

Hivyo ilijulikana kwamba marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa bila kufunuliwa. Ndani yake vipande vya makombe na matope ya bahari ya kale hupotea, na fuwele mpya za kalsiti hushika mahali pake. Zakua namna gani, na hapana nafasi iliyo wazi? Tazama povu la sabuni katika beseni. Mapovu madogo hupungua na kutoweka, makubwa huzidi kuwa makubwa, mpaka yamebaki machache. Ndivyo ilivyo katika jiwe la moto: fuwele kubwa humeza jirani zake ndogo, na mipaka kati yao husogea polepole. Pakiwa na uchafu katika jiwe, kama udongo au chembe za makaa, mipaka huzuiwa na fuwele hubaki ndogo. Kwa hiyo marumaru moja yaweza kuwa laini kwa macho kama sukari ya unga, na nyingine ina chembe kubwa kama punje za mahindi.

Maji yapitapo ndani ya jiwe

Je, Werner alishindwa kabisa? Hapana. Siku hizi twajua kwamba moto peke yake hufanya kazi nusu. Ndani ya ardhi kuna maji, tena mengi, nayo hupita katika nyufa na katika mipaka miembamba mno kati ya fuwele na fuwele. Maji hayo yana joto kali, lakini kwa sababu ya uzito ulio juu yake hayawezi kutawanyika kama mvuke wa sufuria. Yamebeba vitu vilivyoyeyuka: chumvi, silika ambayo ndiyo asili ya kioo, chuma, shaba, zinki, bati. Yakipita katika jiwe la chokaa au marumaru, huchukua kalsiti upande huu na kuiweka upande ule. Kwa msaada wake fuwele hukua haraka kuliko katika jiwe kavu.

Tena maji hayo hubadili jiwe lenyewe. Marumaru ni jiwe jepesi kushindwa na maji makali. Wewe mwenyewe waweza kujaribu: dondoshea maji ya ndimu juu ya unga wa jiwe la chokaa, utaona unatoa povu. Maji ya moto yenye silika yakiingia katika marumaru, kalsiti hushikana na silika, hewa yake hutoka, na fuwele za jiwe jipya huzaliwa. Jiwe jipya huchukua nafasi ndogo kuliko lile la kwanza. Kwa hiyo matundu hufunguka, maji mengine huingia kwa urahisi zaidi, na kazi huendelea mbele. Twaweza kusema maji yale hujichimbia njia yenyewe.

Afrika ya Mashariki na Kongo zina mifano mizuri ya mambo hayo. Huko Mahenge, kusini ya Morogoro katika Tanzania, kuna marumaru iliyopikwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Udongo kidogo uliokuwa umechanganyika na chokaa ya bahari haukupotea. Uligeuka kuwa fuwele nyekundu za rubi na spineli. Mwaka 2007, mahali paitwapo Ipanko, ilipatikana spineli moja yenye uzito wa kilo 52.

Katika Katanga, karibu na Lubumbashi, uko mgodi wa Kipushi. Hapo mawe ya dolomiti, ambayo ni ndugu wa jiwe la chokaa, yalipitiwa na maji ya chumvi ya moto karibu miaka milioni 450 iliyopita. Maji yaliyeyusha dolomiti, na mahali pake pakakua fuwele za madini ya zinki, shaba na risasi. Jiwe la kwanza lilitolewa kana kwamba ni mpangaji, na jingine likaingia katika nyumba ile ile. Mgodi ulichimbwa tangu miaka ya 1920 hata 1993, ukafunguliwa tena mwaka 2024.

Graniti ya Maniema

Sasa turudi kwetu. Mawe ya Maniema mashariki ya Kindu, pande za Kalima, si marumaru kwa wingi. Ni mawe ya tabaka yaliyokuwa matope, na mawe magumu yaliyokuwa mchanga, nayo yote yalibanwa na kupikwa zamani sana. Karibu miaka milioni elfu moja iliyopita graniti iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini ikaingia kati yake. Haikufika juu. Ilisimama ndani ya ardhi ikapoa, polepole mno.

Graniti ikipoa, fuwele za kwanza huchagua vitu zivitakavyo na kuviacha visivyozifaa. Bati ni mojawapo la vitu vilivyokataliwa. Fuwele moja yalikataa, ya pili yalikataa, na hivyo huzidi kukusanyika katika sehemu ya mwisho iliyobaki majimaji. Ni kama chumvi ya sahani yetu: kadiri maji yanavyopungua, ndivyo ukali unavyozidi. Mwisho wake yalitoka maji ya moto, yenye digrii mamia, yamejaa silika na bati na wolframu, yakitafuta njia ya kutokea.

Hapa ndipo tofauti na Kipushi ilipo. Laiti maji yale yangalikuta marumaru, yangaliila na kushika mahali pake. Lakini yalikuta mawe ya matope na ya mchanga, ambayo hayayeyuki upesi. Basi hayakuwa na njia ila nyufa. Nguvu ya maji ilipanua nyufa, na ndani yake kwatzi, lile jiwe jeupe gumu mfano wa kioo, ilianza kukua kutoka kuta mbili kuelekea katikati, kama meno ya juu na ya chini yakikutana. Penye kubadilika kwa joto au kwa mawe, maji yaliacha mzigo wake: fuwele nyeusi za kasiterite, na pembeni karatasi za ulanga zing'aazo kama fedha. Maji yalipokatika, kazi ilikoma. Tukumbuke neno la Steno: fuwele huongezwa na maji yanayoizunguka, na maji yakikatika haiongezeki.

Jambo jingine lafaa wachimbaji walijue. Mahali palipopitiwa na maji ya moto, jiwe la kando mara nyingi hubadilika na kuwa laini. Graniti ngumu yaweza kuwa ulanga na udongo mweupe. Kwa hiyo mchimbaji hufurahi kuona sururu inaingia kwa urahisi kandokando ya mshipa. Lakini urahisi huo ndio hatari yake, maana ukuta uliochimbika bila taabu huanguka pia bila taabu, hasa baada ya mvua. Shimo la namna hiyo lisiingiwe pasipo miti ya kulishikilia.

Mto, reli na kampuni

Maelfu ya watu walipita juu ya mali hiyo wasiijali. Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilifika Nyangwe na Kasongo, ikileta lugha hii ya Kiswahili tunayoandika. Ilitafuta pembe za ndovu, nayo iliteka watu. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Stanley mwaka 1876. Hapana mmoja wao aliyefuata chembe nyeusi za vijito.

Kisha ikaja reli. Kati ya Kongolo na Kindu mto Lualaba una maporomoko, na karibu na Kongolo hupita katika mawe magumu mahali palipoitwa Mlango wa Jehanamu. Meli haziwezi kupita. Kwa hiyo kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga njia ya kilomita 355 kutoka Kindu hata Kongolo, nayo kufikia mwaka 1911 ilikuwa ikifanya kazi. Kutoka Kindu kushuka kwenda Ubundu, mto wapitika kwa meli. Ndiyo sababu Kindu ilikuwa mji: ni mahali mizigo ishukapo katika gari la moshi na kupanda meli, au meli na kupanda gari la moshi. Twaweza kusema ugumu wa jiwe ndio uliochagua mahali pa mji huu.

Mwaka 1932 kampuni ya Symétain iliundwa kuchimba bati, na Kalima ikawa makao yake makubwa. Kazi ya kwanza haikuwa kupasua miamba. Mvua za miaka mingi mno zilikuwa zimekwisha kuifanya. Milima iliyofunika graniti ililiwa na maji na jua, mishipa ya kwatzi ikavunjika, na mito ikachukua vipande. Jiwe la kawaida ni zito mara mbili na nusu hivi kuliko maji, lakini kasiterite ni nzito karibu mara saba. Maji hupeleka mchanga mwepesi mbali, nayo kasiterite hulala chini katika changarawe za bonde. Mchimbaji anayezungusha karai lake mtoni afanya kwa dakika chache yale ambayo mto umefanya kwa miaka.

Bati lilitakiwa sana kwa kupaka mikebe ya vyakula na kwa lehemu ya kuunga vyuma. Tena tusichanganye majina: yale mabati ya kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, nayo ni habari ya Kipushi kuliko ya Kalima. Vita kuu ya pili ilipofika, Wajapani waliiteka Malaya mwaka 1942, nayo ilikuwa ikitoa bati nyingi kuliko nchi zote. Wenzi wa vita wakaligeukia Kongo. Mwaka ule ule siku za kazi ya lazima kwa watu wa vijijini ziliongezwa kutoka 60 hata 120 kwa mwaka. Wazee waliobeba mzigo huo hawakuulizwa kama jiwe hukua. Waliulizwa kilo ngapi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 kazi iliendelea kwa shida. Mwaka 1976 makampuni ya Kivu na Maniema, pamoja na Symétain, yaliunganishwa yakawa SOMINKI. Kisha, mwezi Oktoba 1985, chama cha mataifa kilichokuwa kikishikilia bei ya bati kiliishiwa na fedha, na bei ikaanguka dunia nzima. SOMINKI haikupona. Mwaka 1997 ilifikia mwisho wake, na kampuni ya SAKIMA ikaundwa. Tangu siku za kampuni kudhoofika, mashimo yalibaki mikononi mwa wachimbaji wadogo, wenye tindo, nyundo, sururu na karai. Tena Septemba 2010 serikali ilikataza uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Miezi hiyo iliwaonyesha watu wengi jinsi nyumba zao zilivyotegemea jiwe moja.

Hesabu tu, msomaji: tangu Symétain kuanza mpaka SOMINKI kufa ni miaka 65. Mtu aliyezaliwa mwanzo aliweza kuuona mwisho kabla hajawa mzee sana. Na madini yaliyotolewa katika miaka hiyo yaliandaliwa tangu miaka milioni elfu moja.

Je, bati hurudi?

Sasa twaweza kujibu swali letu la kwanza. Je, jiwe hukua? Ndiyo, hukua. Steno alilieleza, Padre Haüy alilifungua, Hall alilipika katika mtutu. Fuwele za marumaru zilikua, za zinki ya Kipushi zilikua, na kasiterite ya Maniema ilikua kwelikweli. Lakini hukua palipo na joto, na maji yaliyobeba mali, na muda usiohesabika. Chini ya vijito vya Kailo na Kalima graniti ilipoa zamani na maji yake ya moto yalikatika. Maji ya mvua ni baridi, hayana bati la kuongeza.

Basi chembe nyeusi zinazoonekana baada ya mvua zatoka wapi? Zatoka mlimani. Mvua hukata ukingo, huvunja udongo wa juu, huosha hata marundo ya mchanga ulioachwa na wachimbaji wa kale, ambao hawakuweza kukamata chembe zote. Yule aliyesema "imerudi" aliona sawasawa kwa macho, ila hakuzaliwa kitu kipya. Mali ile ile imehama kutoka ghala ya juu kwenda ghala ya chini. Na kila mwaka yaliyobaki ghalani ni machache. Wazee walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Hawakusema kwamba buyu litaisha kwa siku moja.

Je, tuseme watu wasichimbe? Hatusemi hivyo; mwenye njaa hali maneno. Lakini mkulima na mchimbaji hawafanyi kazi ya namna moja, ingawa wote hushika jembe. Mkulima akivuna ana mbegu mkononi kwa mwaka ujao. Mchimbaji akiuza gunia, mbegu imekwenda pamoja na mavuno. Kwa hiyo fedha ya bati haiwezi kuliwa yote kama fedha ya mpunga. Sehemu yake lazima igeuzwe iwe kitu ambacho hukua kwelikweli: shamba la michikichi, elimu ya mtoto, ufundi wa mikono, nyumba ya matofali. Na vijiji navyo vyapaswa kuandika ni nini kimetoka, kimeuzwa kwa nani, na kimeacha nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika Maniema yamepotea mengi kwa namna hiyo.

Nanyi walimu wa Kindu, hamhitaji vyombo vya bei kubwa kulifundisha jambo hili. Chumvi katika sahani, ndimu moja, jiwe la kwatzi, karai na changarawe za mto vyatosha. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi chumvi inavyokua katika maji na kukoma maji yakikauka, huyo hatadanganyika kwamba shimo la baba yake litajijaza lenyewe. Naye atakapokuwa mkubwa na kushika mzani, atajua kwamba anapima kitu ambacho ardhi ya Maniema ilikitoa mara moja tu.